Mlango wa Vidole Viwili

Kwetu Tanga, upepo wa kusi ukishashika, watu wazima hujifunika shuka mbili usiku, na kukicha wakaambiana kuwa mwaka huu kuna baridi. Wenzetu wa Lushoto wakisikia hutucheka. Usiku wa Julai hapa hushuka hadi nyuzi 20 hivi, na kwa mtu wa milimani hapo ndipo anapovua koti. Lakini paka hana mzaha na kusi. Likianza kuvuma, yeye huanza kutafuta pa kulala.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Juni, saa mbili asubuhi. Nilikuwa na kanzu mbili na mashuka ya wageni walioondoka jana yake. Niliyabeba yote kwa mkupuo mmoja, nikayasukumia kwenye mashine ya kufulia, nikaubamiza mlango kwa goti kwa sababu mkononi nilishika kopo la sabuni ya unga. Nikabonyeza, nikaenda barazani kunywa chai.

Nilisikia maji yakiingia. Dramu ikazunguka, ikatulia, ikazunguka tena, kama ilivyo kawaida yake. Kisha kitu kikaanza kugonga. Nikadhani mjukuu wangu ametia kandambili tena mle ndani. Nikapiga funda jingine la chai. Halafu ukaja mlio ambao hata leo siwezi kuuiga, na kikombe nikakiacha hewani.

Kwenye kioo cha mlango niliona rangi ya manjano ikipita juu, ikashuka, ikapita tena. Nikajiambia ni kanga ya mke wangu. Kanga haina macho.

Binzari tulimpata akiwa kitoto cha paka pale sokoni Mgandini, chini ya meza ya muuza viungo, na jina lake lilitoka kwenye rangi yake. Sasa alikuwa nyuma ya kioo, amelowa, mdomo wazi, na mimi nauvuta mlango kwa mikono miwili. Haufunguki. Mashine hizi za mlango wa mbele hujifunga kitasa zenyewe zikianza kazi. Katika nyingi ya zile za zamani, kama yangu, ndani ya kitasa mna kibati kidogo kinachopata moto kwa umeme. Kikipata moto hujipinda, na kikijipinda mlango umekaza. Ukiuzima umeme, kitasa hakiachii papo hapo. Lazima kibati kipoe kwanza. Hiyo ni dakika moja, pengine mbili.

Nilizima swichi ya ukutani, nikachomoa plagi. Nikapiga magoti, nikafungua kile kifuniko kidogo cha chini ambako hukaa chujio, nikalilegeza ili maji yatoke. Yakamwagika sakafuni na povu lake, yakaniloweka hadi mapajani. Baada ya hapo sikuwa na la kufanya ila kungoja.

Aliyepita madrasa pwani hii atanielewa. Tulifundishwa tukiwa wadogo kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutie wadudu wa ardhini. Mwalimu wetu alikisimulia kwa sauti ndogo, na sisi tulikuwa tunajiuliza mtu anawezaje kuwa na roho ngumu kiasi hicho. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kumfungia paka huku akiwaza chai.

Kitasa kikatoa sauti ndogo, tak. Nikamvuta Binzari pamoja na mashuka yote.

Alikuwa hai. Nilikuwa nimechagua maji baridi, si kwa hekima yoyote bali kwa ubahili wa umeme, maana mashine ikipasha maji moto, uniti za LUKU hukimbia. Ningechagua nyuzi 60, hata hizo dakika chache zingekuwa jambo jingine. Nilimsuuza kwa maji ya vuguvugu hadi povu likaisha, kwa sababu paka akiachwa na sabuni mwilini ataiondoa kwa ulimi, na itaingia tumboni. Nikamkausha kwa taulo, nikamfunga kwenye sweta. Daktari wa mifugo tuliyemkimbilia, mtu aliyezoea ng'ombe na mbuzi, alimsikiliza kifua kwa muda mrefu. Akasema maji yakiingia kwenye mapafu huweza kuleta tabu saa nyingi baadaye, kwa hiyo nimtazame anavyopumua mchana kutwa na usiku kucha, nimpe joto la kadiri, nisimweke karibu na moto. Nilikesha. Alipumua.

Sasa nieleze jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Asubuhi ile majirani walipokuja kuuliza kelele zilikuwa za nini, niliwaambia, "Paka alijifungia kwenye mashine." Sentensi imekaa vizuri, nayo ni uongo mtupu, mlango ule haufungwi na paka, unataka goti. Jioni mke wangu aliporudi nikaibadilisha kidogo: "Paka alifungiwa kwenye mashine." Hapo lugha yetu ilinipa maficho mengine, kwani ile w moja nyembamba humtaja aliyetendwa na kumsitiri aliyetenda. Mke wangu hana subira na sarufi. Akauliza, "Na nani?" Mimi nikajibu kwamba mlango ulikuwa umeachwa wazi.

Binti anayetusaidia kazi za nyumbani alikuwa jikoni, akasikia. Akatoka akifuta mikono kwenye kanga. "Samahani mama, ni mimi niliyeuacha wazi."

Nami nikanyamaza.

Kweli aliuacha wazi, lakini kwa amri yangu. Mimi ndiye niliyemwambia asiufunge kamwe mashine ikimaliza kazi, kwa kuwa raba ya mlango ikibaki na unyevu kwa hali yetu ya pwani hushika ukungu, na nguo hutoka zikinuka kuliko zilivyoingia. Ni kanuni sahihi. Niliirithi kwa mjomba, na mjomba hakuwa na kanuni za bure.

Mjomba alikuwa na karakana ya mafriji Ngamiani, na likizo zangu zote za shule zilimalizikia pale, nikishika tochi na kupokea bisibisi. Mengi ninayoyajua kuhusu paka niliyajulia huko, si kwa sababu mjomba aliwapenda bali kwa sababu walikuwa wakimharibia kazi. Friji lililoletwa kwa maradhi ya kutopoa, tukiligeuza, tulikuta manyoya yameganda kama sufi kwenye mabomba ya nyuma. Mara moja, mchukuzi ameshaliinamisha friji la mteja begani, ikasikika sauti nyembamba: watoto watatu wa paka, macho bado hayajafunguka, wamelala kwenye kompresa. Tangu hapo mjomba hakugusa friji la mtu kabla hajaligonga ubavuni mara tatu na kungoja. Wateja walidhani ni utaalamu, anasikiliza gesi.

"Mjomba," aliniambia siku moja (kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja), "wewe ukisikia joto unatafuta feni. Huyu akisikia joto anasema amefika."

Alisema kweli kuliko alivyojua. Joto la mwili wa paka ni kama nyuzi 38 na kidogo, na hali ya hewa inayomstarehesha pasipo mwili wake kuhangaika huanzia nyuzi 30 kwenda juu. Ile 26 tunayoiita raha, kwake ni kipupwe. Ndiyo maana katika nyumba hizi zetu utamkuta amelala juu ya king'amuzi cha televisheni, mkia ukining'inia mbele ya taarifa ya habari, na mwenye nyumba akilalamika kwamba king'amuzi kinapata moto sana siku hizi. Kinapata moto kwa sababu matundu yake yamezibwa na tumbo la paka. Hukaa nyuma ya friji, juu ya stabilaiza, kwenye injini ya gari iliyoegeshwa sasa hivi. Na nguo chafu, zilizobeba harufu za watu wake wote, ndani ya kitundu cha giza kisicho na upepo: mtu angetaka kumjengea paka chumba cha kulala angejenga nini zaidi ya mashine ya kufulia?

Dada yangu anayeishi Uingereza aliniambia kwa simu kwamba hofu yao kule ni mashine ya kukaushia, ambayo huku kwetu si ya kawaida kwa kuwa tunalo jua. Ile hutoka na joto lake, nguo zikiwa laini ndani, na mtu akiuacha mlango wazi dakika tano tu akaenda kuleta tenga, akirudi keshapata mpangaji. Kule hakuna maji ya kumwaga; ni joto tupu, na paka hatoki jasho mwilini isipokuwa nyayoni.

Kwa bibi yangu hapakuwa na mashine yoyote, lakini kanuni ilikuwepo. Paka wake alilala mafigani, juu ya jivu lenye uvuguvugu wa jana, na sharubu zake za upande mmoja zilikuwa fupi daima, zimeungua. Kila alfajiri kabla ya kutia kuni, bibi alipitisha kijiti kwenye jivu. Aligonga kinu kabla ya kutwanga. Alikung'uta mkeka uliokunjwa kabla ya kuutandika. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na sidhani alikuwa akimwaza paka peke yake. Palikuwa na nge na tandu pia. Mkono wake ulikuwa umezoea tu kuuliza "kuna mtu?" kabla ya kufanya jambo. Sisi tuliponunua vyombo vya kubonyeza, kijiti kikabaki kwa bibi.

Lakini aliyenitisha zaidi ya wote ni paka wa shangazi, na huyo hakufa kwa joto wala maji. Shangazi alikuwa fundi wa nguo za kike, cherehani yake ilikaa dirishani, na paka wake mweusi alicheza na vijiti vya uzi tangu utoto. Tuliona ni burudani. Siku moja ikaonekana ncha ya uzi mwekundu imetoka pembeni mwa mdomo wake, na shangazi akaushika ili auvute. Mjomba alikuwepo, akampiga mkono. Hakuwa daktari, ila alikwisha kuona.

Ulimi wa paka una miiba midogo iliyoelekea nyuma, kama msasa. Uzi ukishaingia, hata akitaka kuutema miiba huusukuma ndani. Mara nyingi upande mmoja hunasa chini ya ulimi na upande wa pili unaendelea kushuka tumboni, na utumbo, kazi yake ikiwa kusukuma, hujikusanya juu ya uzi ule uliokazwa. Shangazi hakuhitaji maelezo zaidi. Yeye kila siku alishona marinda: unashika ncha ya uzi, unavuta, na kitambaa kirefu kinajikunja chote kwenye kiganja. Ukivuta uzi kutoka kinywani mwa paka, ndivyo unavyoufanya utumbo wake, na uzi uliokazwa hukata. Basi hauvutwi, uwe umetokea mdomoni au nyuma. Paka hupelekwa kwa daktari na uzi vilevile ulivyo, na mara nyingi ni kisu tu kinachomwokoa. Tulichelewa. Paka yule alikufa siku ya tatu, na shangazi akanunua biskuti za mkebe mkubwa, akazigawa mtaani zote, akabakia na mkebe. Kuanzia hapo sindano na nyuzi zililala humo, na mfuniko ulikuwa mgumu kiasi kwamba wateja walikuwa wakimsaidia kuufungua.

Nyaya nazo nilizijua kwa mjomba. Paka anayebadilisha meno, wa miezi minne mitano hivi, hutafuna chochote laini chenye ugumu ndani, na waya wa chaja ndio huo. Nilijaribu kupaka pilipili. Matokeo yake niliyapata mimi, jicho la kulia, nilipokuwa nikitafuta miwani. Kilichofaa ni bomba la plastiki la mafundi umeme, lililopasuliwa ubavu na kuvishwa waya; pia ile swichi ya soketi zetu za matundu matatu, ambayo watu wengi huiacha imewashwa mwaka mzima kana kwamba ni pambo. Ukutani kuna volti 230. "Zima ukutani," mjomba alikuwa akisema kila mara, "hapo kwenye chombo umezima taa tu." Na paka akikutwa ameng'ang'ania waya, mkono usimfikie kabla umeme haujazimwa, la sivyo mtakuwa wawili. Hata akiinuka na kujilamba kama hakuna kitu, mapafu yake yanaweza kujaa maji baada ya saa kadhaa. Kwa hiyo naye ni mgonjwa wa kwenda kuonwa siku hiyohiyo. Heta ya kuchovya kwenye ndoo sitaisemea sana. Ndoo yenye mvuke, asubuhi ya kusi, mlango wa bafu ukiwa wazi. Niliitoa nyumbani mwangu kwa ajili ya wajukuu, na paka wakafaidika.

Mwanangu, ambaye jiko lake ni lile la kioo la kugusa kwa kidole, alinicheka nilipomwambia azime ukutani kabla ya kutoka nyumbani. Nikamtumia habari ya Seoul: zima moto wa jiji lile walitangaza mwishoni mwa 2021 kwamba tangu Januari 2019 walihesabu mioto 107 iliyowashwa na paka waliokanyaga majiko ya aina hiyo. Jiko haliulizi kilicholigusa ni kidole au unyayo. Sasa anazima. Nilijisikia mkubwa siku hiyo, mtu wa kutoa nasaha.

Ila nyumbani kwangu binti wa watu alikuwa bado anabeba kosa langu. Wiki nzima alimpa Binzari sehemu ya dagaa wake mwenyewe. Watu waliokuja kumtazama paka walimsifu, wakasema huyu kweli ana roho ya paka, haifi. Na kila waliposema hivyo niliona wananitolea udhuru ambao sikuustahili. Hakuna roho ya ziada iliyomwokoa. Aliokolewa na bei ya umeme na mlio mmoja niliobahatika kuusikia.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta binti anaanika uani. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Nikasema, "Dada, yule paka nilimfungia mimi. Sikutazama."

Aliendelea kubana vibanio. "Najua, baba."

"Unajuaje?"

"Nilikuwa hapo jikoni. Nilikuona ukifunga kwa goti."

Nikamuuliza kwa nini basi aliomba samahani. Akainama kuchukua shuka jingine, akasema mama alikuwa ameshakasirika, na mimi nilikuwa nimechoka, na paka yuko kwenye sweta. Aliona ni bora mtu mmoja aseme kitu ili watu wale. Nilirudi ndani nikamwambia mke wangu sentensi ileile, nikaanza na "ni" ya kwanza kabisa, nilimfungia. Mke wangu hakuinua macho kwenye mchele aliokuwa akichambua. Alisema tu kwamba yeye hakuwahi kuona paka mwenye goti.

Kanuni mbili zilibaki zikigombana: mlango uwe wazi kwa ajili ya ukungu, mlango ufungwe kwa ajili ya paka. Nilikwenda kumwuliza mjomba, ambaye sasa ni mzee na mikono yake inatetemeka, lakini bado anavaa bisibisi mfukoni mwa shati kama kalamu. Alinisikiliza, akacheka kidogo, akaniambia, "Mjomba, umesahau kugonga." Kisha akaomba kipande cha mbao.

Alikikata kwa upana wa vidole viwili, akakitoboa, akakitia kamba. Kinaning'inia kwenye kitasa cha mashine yangu hadi leo. Nguo zikishatolewa, kibao huwekwa kati ya mlango na fremu na kamba hufungwa. Hewa inapita, raba inakauka. Kwa nini vidole viwili na si vinne? Mtulinga wa paka haukuungana na mifupa mingine, umeelea tu kwenye misuli ya mabega, kwa hiyo pale kichwa kinapopita mwili wote hufuata. Vidole viwili havipitishi kichwa. Mjomba alikipima kwa kukitia kwenye paji la uso la Binzari, na Binzari akakinusa.

Kabla ya kufua, natia mkono mzima ndani ya dramu, hadi kwapani, nikapapasa duara lote, chini ya nguo na nyuma ya raba. Binti, akiwa uani, huuliza kwa sauti, "Wangapi, baba?" maana siku hizi paka ni wawili. Nami sijibu mpaka niwaone wote kwa macho.

Juu ya mashine nimeweka boksi la maembe lenye sweta lile lile. Kusi likivuma Binzari hulala humo, amejikunja, na mtetemo wa maji unampandisha na kumshusha. Mara nyingine huteremka, akaketi mbele ya kioo, mkia umezunguka miguu, akafuata mashuka yanavyopanda na kushuka. Hatua moja kutoka mlangoni. Sijui anawaza nini. Nguo zikianza kukamuliwa, mashine ikipiga kelele ya mwisho, masikio yake hulala bapa, na bado haondoki.